Mgeni wa Siku ya Tatu

Likizo ya shule ikikaribia, pale Wesha kuna swali linalozunguka barazani, jikoni na kwenye simu: mtoto anakuja, tumpeleke wapi? Mtoto mwenyewe ni wa kiume, ana miaka kumi na moja, pengine kumi na miwili. Anatoka Dar es Salaam, au Unguja mjini, au Muscat waliko jamaa zake wa upande wa pili. Ameshavuka umri wa kubembelezwa kwa pipi, na bado hajafika umri wa kukaa na wakubwa wakazungumza mpira na siasa. Anashuka melini Mkoani, anapakiwa garini hadi Chake Chake, kisha anateremshwa Wesha, penye bandari, mikoko na wavuvi wanaoshona nyavu. Anatazama huku na huku, halafu anauliza: "Waifai ipo?"

Wenyeji nao hujitahidi, masikini. Siku ya kwanza hupelekwa makumbusho ya Pemba, ndani ya ngome kongwe ya Chake Chake. Siku ya pili huenda Tibirinzi, kwenye kiwanja cha kufurahishia watoto, akapanda bembea mpaka akachoka. Siku ya tatu pochi imeshakauka na mtoto kalala chali sebuleni, simu usoni. Hapo ndipo bibi mwenye nyumba, ambaye hata siku moja hajasoma kitabu cha utalii, hutoa lake: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Insha hii ni juu ya siku hiyo ya tatu. Nauliza jambo dogo tu: zamani, kabla ya bembea na simu, mtoto mgeni wa umri huu alikuwa akifanywa nini huku Pemba? Nilivyosoma na nilivyosikia, naona hapakuwa na burudani nyingi za watoto zilizotengwa peke yake, ukiondoa michezo yao wenyewe ya uwanjani na siku za sikukuu. Palikuwa na shughuli za wakubwa, na kila shughuli ilikuwa na pembe yake aliyoachiwa mvulana. Pembeni pale ndipo alipocheza, ndipo alipojifunza, na wakati mwingine ndipo aliponyonywa. Mambo haya matatu yalikuja pamoja. Ukisimulia la kwanza ukaficha la tatu, unamdanganya mgeni wako.

Tuanze na bahari, maana Wesha ni bahari. Mji wa Chake Chake uko mwisho wa hori linaloingia ndani ya nchi, limezungukwa na mikoko, na maji yakipwa hubaki tope. Vyombo vidogo viliweza kupanda na maji kujaa mpaka karibu na mji. Vikubwa vilibaki nje, na huko nje ndiko Wesha. Ng'ambo ya ghuba iko rasi ya Ras Mkumbuu, yenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Wako wanahistoria waliopahusisha na Qanbalu, mji aliousimulia msafiri al-Masudi, ambaye safari yake ya mwisho kutoka huko kwenda Oman ilikuwa mwaka 916. Iwe ni pale au si pale, maji haya yamepitisha wageni kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mtoto wetu wa Muscat si wa kwanza.

Katika mazingira hayo, saa za mvulana zilipangwa na vitu viwili: chuo na maji. Chuo cha Kurani kilikuwa na mapumziko yake, Alhamisi baada ya kusoma na Ijumaa. Siku nyingine ilikuwa ni kubahatisha: ukitoka chuoni ukakuta maji yamejaa, unaruka, ukikuta yamekupwa, unashuka pwani kutafuta chaza na pweza, au unachonga kingalawa cha mti mwepesi, unakitia tanga la kitambaa, unashindana na wenzio kwenye kidimbwi. Mgeni aliyekuja kutoka bara bila kujua kuogelea alichekwa siku moja, akafundishwa siku ya pili. Hakuna aliyemwandikia ratiba.

Na kingalawa kile cha kuchonga kilikuwa na mkubwa wake. Katika ngalawa ya kweli kuna kazi ambayo mtu mzima haipendi na mtoto anaiweza: kufua maji. Chombo kinavuja, kila chombo kinavuja, na lazima awepo mtu wa kuchota maji yaliyoingia na kuyamwaga nje. Mvulana hupewa kata au kopo, huketi chini, huchota. Ni kazi isiyo na sifa. Lakini aliyeketi pale anaona kila kitu: jinsi nahodha anavyousoma upepo, jinsi tanga linavyogeuzwa, ni wapi pana miamba na jina la kila mwamba. Hakuna anayemweleza. Siku moja mtu wa usukani anataka kunywa maji, anamwambia, "Hebu shika hapa." Basi, hiyo ndiyo mahafali yake.

Hivyo hivyo kwenye bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na wazee wakilicheza barazani mtoto haruhusiwi kusema. Anaruhusiwa kutazama, na kuokota kete iliyoanguka. Ukikaa likizo nzima unaokota kete, utarudi kwenu unajua kutakata na kunamua.

Hivyo hivyo tena kwenye mchezo wa ng'ombe, jambo ambalo Pemba inajulikana nalo kuliko sehemu yoyote ya pwani yetu. Vijiji kama Chwale na Kengeja vina jina kwa mchezo huo. Dume la ng'ombe hufungwa kamba ndefu, vijana wa kiume humchokoza kwa nguo, ngoma na zumari zinalia, wanawake wanaimba. Ng'ombe hauawi. Watu hupenda kusema kwamba ni urithi wa Wareno, waliotawala sehemu za pwani hii katika karne ya 16 na ya 17. Wengine wanaona ni mambo ya wenyeji tangu asili, yanayofungamana na kilimo na mvua. Kwa mvulana wa miaka kumi na moja ubishi huo hauna maana. Yeye nafasi yake ni juu ya mwembe. Toka huko juu anaona pembe, anaona vumbi, anaona mjomba wake mwenye heshima zake akikimbia kanzu mkononi. Kitu gani cha kununuliwa kitashinda hicho?

Sasa tuingie shambani, kwa sababu huko ndiko methali ya bibi inakokuwa na uzito. Mwaka 1872 kimbunga kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na toka hapo ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Msimu ukifika, mikono ya Wapemba haitoshi. Watu walikuja kutoka Unguja, hasa kusini, Makunduchi na kwingineko, na wengine kutoka bara, wakakaa wiki kadhaa wakichuma kwa malipo ya pishi. Wengi walikuja na familia zao. Ukiuliza historia ya mtoto mgeni Pemba, basi hiyo ndiyo historia yake kubwa: alikuja na karafuu.

Wanaume walipanda juu kabisa. Wanawake na watoto walichuma matawi ya chini na kuokota zilizoanguka. Jioni shada zilimwagwa juu ya mkeka, nyumba nzima ikakaa kuchambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule. Kuchambua ni kazi ya vidole tu, kichwa kinabaki huru, ndiyo maana ilikuwa ni saa ya hadithi. Mmoja anasema paukwa, wengine wanaitika pakawa, na mikono haisimami. Waulize watu wazima wa leo waliokulia Pemba, wengi watakwambia kwamba hadithi walizozisikia walizisikia vidole vinanuka karafuu. Mtoto mgeni alileta hadithi za kwao, akaondoka na za huku. Na alipewa pishi yake mwenyewe, ndogo, na senti zake mwenyewe za kununulia doriani au shokishoki. Wanaokumbuka hukumbuka kwa furaha.

Lakini hebu tusimame hapa kidogo. Karafuu hizo hizo, katika miaka iliyofuata kimbunga, zilichumwa na watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na bei ya karafuu ikiwa juu, magendo yakahamia usiku. Mkondo wa Pemba, kati ya kisiwa hiki na pwani ya Pangani na Tanga, ukawa njia yao. Waliovushwa walikuwemo watoto wa umri huu huu tunaouzungumzia. Nao pia walikuwa wageni Pemba. Nao pia walipewa jembe, ila hawakungojewa hadi siku ya tatu. Sheria ya kuufuta utumwa ilikuja mwaka 1897. Baada ya Mapinduzi ya 1964, wanafunzi nao walitolewa madarasani wakapelekwa kuchuma. Wako wanaozisimulia siku hizo kwa kicheko, na wako wasiotaka kuzisikia kabisa.

Kwa hiyo neno "mpe jembe" si neno la kutamkwa ovyo. Lazima tuulize: jembe la nani, shamba la nani, na mavuno yanaliwa na nani?

Nitaleta kitabu kimoja, maana hapa tumekutana kwa ajili ya vitabu. Tamthilia na riwaya zetu zina watoto wengi, lakini mtoto mgeni aliyenikaa moyoni ni Yusuf wa Abdulrazak Gurnah, katika riwaya ya *Paradise* ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*, ikatoka 2022. Yusuf ana miaka kumi na miwili. Anachukuliwa na tajiri anayemwita ami, anapanda treni kwa furaha ya safari, anadhani anakwenda kutembea. Akifika dukani pwani, kijana mwenzake ndiye anayemfumbua macho: yule si ami yako, na wewe si mgeni, wewe umewekwa rehani kwa deni la baba yako. Gurnah amegusa mahali penyewe. Katika nyumba za pwani, mgeni, mtoto wa kulea, mtumishi na rehani waliweza kulala kwenye ukumbi mmoja, wakaitana kwa majina ya udugu, na tofauti ikaonekana siku ya hesabu tu. Mtoto wa miaka kumi na miwili hana njia ya kuijua tofauti hiyo. Wakubwa wanaijua.

Na kipo kitabu cha pili, kinachotupeleka moja kwa moja kwenye bahari ya Wesha. Ukisimama bandarini ukatazama magharibi, kuna kisiwa kidogo kisichofikia hata kilomita moja ya mraba: Misali. Wageni wote wanapelekwa huko, na wote wanaambiwa kwamba haramia William Kidd alizika hazina yake pale. Ukweli wa Kidd ni huu. Mwaka 1697 alikuwa bahari hii kweli, akakikwamua na kukisafisha chombo chake Mwali, katika visiwa vya Ngazija, kabla ya kupanda kwenda Bahari ya Shamu. Hazina yake iliyowahi kupatikana ilifukuliwa Gardiners Island, karibu na New York, na mwenyewe alinyongwa London mwaka 1701. Ya Misali yanabaki hadithi.

Ila hadithi za namna hiyo zina historia yake, na historia hiyo inaanza na swali lile lile la Wesha. Kiangazi cha mwaka 1881, Robert Louis Stevenson alikuwa amepanga nyumba Braemar, Uskochi, pamoja na mkewe na mtoto wa kambo, Lloyd Osbourne, wa miaka 13, aliyekuja likizo. Mvua ikanyesha, ikanyesha. Mtoto hana la kufanya. Wakakaa na rangi za maji, kati yao ikachorwa ramani ya kisiwa, na kutoka kwenye ramani Stevenson akaanza kuandika, sura kwa sura, akimsomea mtoto. Ndiyo *Treasure Island*, na ndani ya ramani ile mna hata gati lililopewa jina la Kidd. Miaka ya mwisho ya 1920 Frederick Johnson, aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, aliitafsiri kwa jina la *Kisiwa chenye Hazina*. Ndivyo vijana wa shule zetu walivyolipata haramia la kizungu kwa Kiswahili.

Sasa tazama tarehe. Hadithi ya Stevenson ilikuwa ikitoka wiki kwa wiki katika gazeti la vijana, kuanzia Oktoba 1881 hadi Januari 1882. Katikati ya miezi hiyo, Disemba 1881, katika maji ya Pemba, Nahodha Charles Brownrigg wa manowari ya *London* alilisogelea jahazi lenye bendera ya Ufaransa, limepakia watumwa. Mapambano yakatokea, Brownrigg akauawa. Watoto wa Uingereza walikuwa wanasoma vita vya baharini vya kubuni juu ya hazina. Huku, waliofichwa ndani ya chombo ndio waliokuwa hazina yenyewe.

Sisemi kwamba mgeni wetu asiambiwe habari za Kidd. Mwambie, atafurahi, na mwenyewe atakwenda kuchungulia mapangoni. Lakini mwambie na ya pili, ambayo wavuvi wanaijua tangu kabla ya Kidd kupata umaarufu: kwamba Nabii Khidri alifika pale, wakati wa sala ukaingia, akauliza kama kuna msala, akaambiwa hapana, naye akakitumia kisiwa chenyewe kuwa msala wake. Ndiyo maana ya jina, wanasema. Mwambie na ya tatu, kwamba wavuvi wana dago lao pale, na kwamba mwaka 1998 kisiwa kilitengwa kuwa hifadhi kwa sababu samaki na matumbawe vilikuwa vinakwisha. Mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kubeba hadithi tatu kwa mara moja. Sisi ndio tunaomdhani mdogo.

Na kabla hujaniuliza: dada yake je? Swali zuri. Karibu pembe zote nilizozitaja zilikuwa za mvulana. Msichana wa umri ule ule alikuwa na nage, alikuwa na mdako, alikuwa na mkeka wa kuchambua karafuu, na halafu alikuwa na jiko. Mvulana alimaliza kazi akaenda kuoga bahari; yeye alimaliza kazi akaanza nyingine. Ukitaka kurudisha mambo ya zamani, anzia hapo kuyarekebisha.

Kwani yapo bado ya kurudishwa? Mwaka 2010 umeme wa gridi ulifika Pemba kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Usiku uliokuwa wa kuchambua na kupaukwa sasa una televisheni na simu, na mimi simlaumu mtu; aliyesoma kwa kibatari hawezi kukuombea giza. Ila pembe za mvulana zimepungua. Injini ya mashua haihitaji mtoto. Bao linachezwa kwenye simu, hakuna kete ya kuokota. Na wengi wa watoto wageni ni wajukuu wa waliohama, wengine tangu 1964. Kiswahili wanakisikia wakijibu kwa lugha nyingine. Wiki hizi mbili za likizo ndizo kamba pekee iliyobaki kati yao na Wesha. Zikiisha kwa bembea na picha za kasa, watarudi kama watalii waliolala kwa shangazi.

Basi akija huyo mgeni wako, usiache kumpeleka ngomeni na Tibirinzi. Ni haki yake, siku mbili zile ni za heshima. Siku ya tatu nenda kwa mvuvi unayemwamini, mwenye kutoka asubuhi na kurudi mchana, umuulize kama ana nafasi ya mtu wa kufua maji. Mvishe mtoto jaketi la kuokolea. Mwambie wazi kwamba anaweza kukataa, na kwamba akichoka anarudishwa. Samaki watakaopatikana, na yeye apewe fungu lake mkononi, hata kama ni changu mmoja, aje nalo nyumbani mwenyewe alikabidhi jikoni kwa bibi. Na dada yake akitaka kwenda, mchukueni.